Mwenye Macho Atazame Benchi

Oyugis ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kisii hupita katikati yake, na nyingine huteremka kuelekea Kendu Bay na Ziwa Victoria. Msafiri apitaye huujua mji huu kwa soko lake na kwa makelele ya utingo wa matatu. Shabiki wa mpira wa vikapu huujua kwa jina jingine: Agoro Sare. Shule hiyo ya wavulana ya Kaunti ya Homa Bay imejijengea sifa katika michezo ya shule za sekondari nchini Kenya, kiasi kwamba hata mzee ambaye hajawahi kuushika mpira huo mkononi huuliza, kila muhula wa kwanza ufikapo, "Vijana wanasemaje mwaka huu?"

Swali hilo ni zuri, lakini aghalabu jibu lake hutafutwa mahali pasipofaa. Shabiki mmoja atamtaja kijana mrefu aliyemwona akifunga mwaka uliopita. Mwingine atavitaja vikombe vya zamani, kana kwamba vikombe hushuka kabatini vikavaa viatu na kucheza. Makala haya yanashikilia kwamba anayetaka kuijua timu ya shule kabla ya mechi kubwa sharti alitazame benchi kwanza. Fauka ya hayo, yanashikilia kwamba benchi la mwaka 2026, huko Oyugis na kwingineko, lina pengo ambalo halikusababishwa na kocha wala na wachezaji. Shabiki asiyelielewa pengo hilo ataidai timu yake kitu ambacho haiwezi kumpa kwa njia ya haki.

Kanuni za mchezo wenyewe ndizo shahidi wa kwanza. Wachezaji watano tu huwa uwanjani, lakini kikosi huandikishwa watu 12. Mechi huchezwa kwa robo nne za dakika kumi kumi, na mchezaji anayefanya kosa la tano hutoka asirudi. Katika michezo ya kanda, ambamo shule za Homa Bay na Migori hukutana na zile za Kisumu, Siaya, Kisii na Nyamira, mechi hufuatana kwa siku chache. Mchezaji nyota anayecheza dakika zote 40 siku ya kwanza huanza kuburuta miguu siku ya tatu. Hapo ndipo timu yenye watu watano hodari hushindwa na timu yenye watu tisa wa wastani. Shabiki hustaajabu na kumlaumu refa, ilhali jibu lilikuwa limeketi mbele yake tangu mwanzo, limevaa fulana za mazoezi.

Hata lugha ya uwanjani inachangia upofu huu. Katika michezo ya kanda, Dholuo, Ekegusii na Igikuria husikika katika nyimbo za mashabiki, na Kiswahili huwa uwanja wa wote wanapobishana. Kiswahili hicho kina maneno tele ya kufunga: mpira hutumbukizwa, hutiwa kikapuni, alama humiminika. Lakini kwa yule kijana anayesimama kama kigingi ili mwenzake apate njia, au yule anayeuwania mpira uliogonga ubao na kurudi, msamiati uliozoeleka ni haba. Jambo lisilo na jina ni rahisi kupita bila kuonekana. Shabiki mwenye maneno ya kufunga pekee huona kufunga pekee, na akiulizwa habari za timu, hutaja wafungaji. Hapana shaka kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya hapa, kwa kuwa istilahi za mchezo hazikamiliki katika kamusi. Hukamilika midomoni mwa watazamaji.

Mfano wa taifa unalithibitisha hili. Mnamo Februari 2021, mjini Yaoundé, timu ya Kenya iliishinda Angola, bingwa wa Afrika mara nyingi, kwa alama 74 kwa 73. Tylor Ongwae alifunga mtupo wa mwisho, na Kenya ikarejea katika fainali za Afrika baada ya miaka 28, tangu ilipoziandaa jijini Nairobi mwaka 1993. Mtupo ule unakumbukwa, na unastahili kukumbukwa. Hata hivyo, mtupo wa mwisho huwa na thamani pale tu ambapo wengine wameizuia Angola isiponyoke kwa dakika zote zilizotangulia. Hao majina yao huhitaji kutafutwa.

Timu ya shule ina tofauti moja kubwa na timu ya taifa au ya klabu. Klabu humweka mchezaji miaka kumi ikitaka. Shule hupoteza kundi zima kila mwaka, kwa kuwa kazi ya shule ni kuwafanya wanafunzi waondoke. Shabiki wa shule basi hapendi watu, hupenda jezi ambayo kila mwaka huvaliwa na mwingine. Mchezo wenyewe ulizaliwa katika hali hiyo. Desemba 1891, mjini Springfield nchini Marekani, mwalimu James Naismith alipewa darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Alipigilia vikapu viwili vya matunda, akawagawa tisa kwa tisa, akawaandikia kanuni 13. Hakuwachagua vijana hao. Alifanya kazi na darasa alilopewa, na kocha wa shule angali anafanya vivyo hivyo.

Chini ya mfumo wa 8-4-4, darasa hilo lilikuwa na ngazi nne. Mvulana aliingia Kidato cha Kwanza akitoka shule ya msingi ambako aliujua mpira wa miguu tu. Mwaka wa kwanza alibeba maji na kuokota mipira. Mwaka wa pili aliingizwa uwanjani mechi ilipokwisha kuamuliwa. Mwaka wa tatu alicheza, na wa nne akaongoza. Shabiki alimwona kuanzia mwaka wa tatu, akadhani amezuka kama uyoga. Ile miaka miwili ya kimya ndiyo iliyomtengeneza, na yote aliimaliza benchini.

Sasa ngazi hiyo imeng'olewa kidato kimoja. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na waliouandika wakaingia Kidato cha Kwanza Januari 2024. Mwaka 2025 shule za sekondari hazikupokea mwanafunzi yeyote mpya, kwa kuwa watoto wa mtaala wa umilisi walikuwa Gredi ya 9 katika shule za sekondari msingi. Januari 2026 Gredi ya 10 ikaingia kwa mara ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba katika mwaka 2026 shule ina Kidato cha Nne, Kidato cha Tatu, kisha Gredi ya 10. Kidato cha Pili hakipo. Kundi ambalo lingekuwa katika mwaka wake wa pili wa kimya, likingoja kuingia katika robo ya nne, halikuwahi kuzaliwa.

Mwenye macho aliyefika mapema uwanjani mwaka huo aliweza kuliona jambo hili hata bila kuambiwa. Waliokuwa wakijinyoosha mbele walikuwa vijana wenye mabega, wanaojua mahali pa kusimama. Mwishoni mwa benchi waliketi wageni wenye fulana zilizowazidi, waliofika shuleni muhula uleule wa mashindano, kwa kuwa vikapu huchezwa muhula wa kwanza. Kati ya makundi hayo mawili palikuwa na nafasi tupu. Wala si msiba wa Oyugis pekee. Kanga iliyoko Rongo na Rapogi iliyoko Uriri, katika Kaunti ya Migori, zilikosa kundi lilelile. Shabiki anayedhani timu yake imelogwa na awaulize majirani.

Katika pengo kama hilo kishawishi hupata pa kukaa. Shabiki aliyezoea ushindi huanza kunong'ona: "Kwa nini asiletwe yule wa shule fulani? Kwa nini asirudishwe yule aliyemaliza?" Michezo ya shule nchini imezijua lawama za mamluki na za umri uliopunguzwa kwa miaka mingi, na hapana haja ya kuitaja shule yoyote ili kulikubali hilo. Inayostahili kutajwa ni sehemu ya shabiki. Mwalimu mkuu hasikii shinikizo kutoka hewani. Hulisikia kutoka kwa wazazi, wahitimu na wapenzi wa timu wanaotaka kikombe na hawataki kuulizwa kimepatikanaje.

Watetezi wa desturi hiyo wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mtu hufanya hivyo. Hoja hiyo haihitaji jibu refu, kwa maana wezi wakiwa wengi mali hairudi kwa mwenyewe. Ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba mvulana kutoka nyumba maskini, anayeitwa na shule kubwa kwa ajili ya kipaji chake, hupata karo na elimu ambayo asingeipata. Ni kweli, na asiyelikubali hilo hajui maisha ya vijijini Nyatike au Suba. Lakini mstari uko wazi. Mvulana anayehamishwa akiwa na umri halali, akaketi katika darasa lake, akafundishwa hadi mtihani wa mwisho, amesaidiwa. Mvulana anayeletwa kwa muhula mmoja, akarudishwa kidato alichokwisha kukipita, kisha akasahaulika mashindano yaishapo, ametumiwa. Na yupo wa tatu asiyetajwa kamwe: yule aliyeokota mipira miaka miwili, akaona nafasi yake ikipewa mgeni siku ya mechi. Huyo amefundishwa na shule yake kwamba subira haivuti heri.

Migori ina somo lake kuhusu majina makubwa. Mwaka 2006 SoNy Sugar ya Awendo, timu ya kiwanda cha sukari, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya kandanda nchini, na mji mdogo ukawashinda wakubwa wa Nairobi. Mwaka 2019 timu hiyohiyo iliondolewa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu. Jina lilikuwa lilelile. Lakini jina halifiki uwanjani. Hufika wachezaji, na wachezaji hufika pale ambapo kuna nauli, chakula na watu waliojenga nyuma yao kwa miaka.

Shabiki afanye nini basi? Kwanza abadilishe kipimo chake. Katika miaka hii ya mpito, timu inayofika nusu fainali ikiwa imewachezesha vijana wawili wa Gredi ya 10 imefanya kazi kubwa kuliko inayofika fainali kwa miguu ya watu watano. Pili, ayageuze macho yake kutoka shule za sekondari hadi zile za msingi. Chini ya mfumo mpya, mvulana wa umri uleule uliokuwa wa Kidato cha Kwanza sasa anasoma Gredi ya 9, mara nyingi ndani ya ua wa shule ya msingi usio na goli la vikapu hata moja. Akifika Gredi ya 10 akiwa hajui kuudunda mpira, ana miaka mitatu tu badala ya minne. Ngazi iliyong'olewa juu sharti ijengwe chini.

Kujenga huko hakuhitaji makuu. Homa Bay ina Uwanja wa Raila Odinga, ambao uliandaa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2025, na ni fahari ya kaunti. Lakini vikapu havidai uwanja wa maelfu. Vinadai nguzo, ubao, na mduara wa chuma ulioinuliwa mita 3.05 juu ya sakafu ngumu. Fundi wa kuchomelea vyuma wa Rongo au Rodi Kopany anaweza kuuunda mduara huo. Mashabiki wanaochangishana nauli ya kuifuata timu hadi mechi za kitaifa wanaweza, mwaka mmoja, kuchangishana nguzo mbili. Mtaala nao umefungua mlango, kwa kuwa Sanaa na Michezo ni mojawapo ya njia tatu ambazo mwanafunzi wa sekondari ya juu huchagua. Na kwa wanaomaliza, Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay viko karibu. Shabiki wa kweli hana sababu ya kumsahau mvulana siku anapoivua jezi ya shule.

Mwaka 2028 wale wageni wa mwisho wa benchi watakuwa Gredi ya 12. Kufikia hapo hakutakuwa na Kidato cha Nne cha kuwasaidia, kwa kuwa KCSE ya mwisho ya 8-4-4 imepangiwa 2027. Timu itakuwa yao. Watakavyocheza mwaka huo inaamuliwa sasa, katika dakika chache wanazoachiwa robo ya nne, na katika kelele au kimya kinachowapokea wanapoinuka benchini. Mzee wa Oyugis akiuliza tena vijana wanasemaje, shabiki amwonyeshe mwisho wa benchi, na amwombe apige makofi mtoto yule aingiapo, hata kama timu iko nyuma kwa alama kumi.