Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya shahada ya pili

Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeko Marekani alileta ombi katika kundi letu la WhatsApp la ukoo. Amemaliza shahada ya biolojia, ameomba skuli za udaktari, zote zimemkataa. Sasa ameshauriwa asome shahada ya pili ya mwaka mmoja ili "kuimarisha maombi". Anaomba tumchangie. Kabla ya Magharibi, mamangu alikuwa ameshasema kiwanja cha Mtwapa kiuzwe.

Nami nilikuwa karibu kusema inshallah na kuanza kutafuta mnunuzi. Lakini jambo hili linazigusa familia nyingi za Pwani zenye watoto ng'ambo, kwa hivyo nikaamua kuuliza kwanza.

Kwetu Kenya, mtoto aliyepata alama zinazotakikana katika KCSE huingia udaktari moja kwa moja. Marekani sivyo. Kwanza shahada ya kawaida ya miaka minne, kisha mtihani uitwao MCAT, ambao alama yake ya juu kabisa ni 528, kisha ndiyo miaka minne ya udaktari. Ushindani ni mkali: mwaka 2023 waombaji walikuwa zaidi ya 52,000, na walioingia mwaka wa kwanza hawakufika 23,000. Kukataliwa, basi, si aibu. Ndiyo hali ya walio wengi.

Hapo ndipo soko la masomo ya nyongeza lilipozaliwa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kurudi kusoma masomo ya ngazi ya shahada ya kwanza, kama kemia au fiziolojia, bila kutafuta shahada nyingine. Ya pili ni shahada ya uzamili iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaotaka udaktari, ambapo baadhi ya vyuo huwakalisha wanafunzi katika masomo yale yale ya mwaka wa kwanza wa udaktari.

Tofauti yake haielezwi sana kwenye matangazo. Katika mfumo mkuu wa maombi, alama za masomo ya ngazi ya kwanza huingia katika wastani wa zamani, ule wanaouita GPA. Alama za uzamili huhesabiwa mbali. Mpwa wangu ana wastani wa 3.1 kwa mikopo 120 ya masomo. Akiongeza mikopo 30 na kupata A tupu, atafika takriban 3.28. Si mruko mkubwa, lakini unaonyesha anapanda. Akisoma uzamili, ile 3.1 itabaki pale pale, na tegemeo lake litakuwa kung'ara katika masomo mapya. Akijikwaa humo, amethibitisha shaka ya waliomkataa, tena kwa gharama.

Na gharama si ndogo. Katika vyuo vingi vya kibinafsi, ada ya mwaka mmoja hupita dola 40,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 5 zetu. Chakula na kodi ya nyumba bado.

Wakati nao umebadilika. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imefuta mkopo wa serikali uliokuwa ukigharamia takriban kila kitu katika masomo ya juu, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Wa uzamili wamewekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Wa udaktari dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Penye pengo, mtu huenda benki za kibinafsi. Aliye na viza ya mwanafunzi hapati hata hiyo mikopo ya serikali, na skuli nyingi za udaktari hazipokei ombi lake kabisa. Na kwetu Waislamu kuna suala la riba, ambalo nawaachia masheikh.

Nilimpigia simu mpwa wangu. Nikamuuliza, "Mwanangu, walikukatalia nini hasa?" Akanyamaza, kisha akasema, "Mjomba, sijawauliza."

Hapo ndipo pa kuanzia. Kama udhaifu ni MCAT, shahada ya pili haiutibu. Dawa ni kurudia mtihani. Kama ni ukosefu wa uzoefu wa hospitali, atafute kazi ya kuhudumia wagonjwa, ambayo angalau humlipa. Kama ni alama, achague darasa la bei nafuu katika chuo cha umma kilicho karibu naye. Na chuo chochote kinachouza uzamili huo kiulizwe: kati ya wote walioanza, wangapi waliingia udaktari? Si kati ya waliomaliza, wala ya waliochaguliwa kupigiwa debe.

Sisi wenye diploma tunajua uzito wa cheti, na hatumkatazi mtoto kusoma. Lakini hapa kwetu pia tumezoea kurundika cheti juu ya cheti pale mlango unapofungwa, bila kuuliza ni ufunguo gani unaohitajika. Elimu ni amana, na mali ya wazee ni amana vilevile.

Mpwa wangu ameandikia skuli tatu kuomba maelezo, na moja imejibu: tatizo lake ni MCAT. Mamangu nimemweleza. Hakufurahi sana, ila amekubali hati ya kiwanja irudi kabatini kwa sasa.