Kamera za porini: picha kumi si wanyama kumi

Msikilizaji, ukikuta kisanduku kidogo chenye kioo kimefungwa kwenye mti porini, huenda ni kamera ya mtego. Hainasi mnyama. Hujipiga picha yenyewe, usiku na mchana, kitu chenye joto kinapopita mbele yake.

Hapa Tanzania kamera hizi zimefanya kazi kubwa. Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, zilipiga picha ya sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa aina ambayo wanasayansi hawakuijua. Mwaka 2008 alitangazwa kuwa spishi mpya. Huko Serengeti, mradi ulioanza 2010 ulitega kamera 225 katika kilomita za mraba 1,125.

Lakini picha kumi za nguruwe pori si nguruwe kumi. Huenda ni mmoja aliyepita mara kumi. Chui ana nafuu, maana kila mmoja ana madoa yake. Ndiyo sababu hutegwa kamera mbili zikitazamana, zipate ubavu wa kushoto na wa kulia.

Linatuhusu nini? Makadirio hayo yanaweza kutumika kuamua mambo ya ulinzi, uwindaji na mipaka, na anayeliwa mbuzi ni mfugaji. Tena kamera haichagui: humpiga picha hata mama anayeokota kuni.

Basi tusiivunje wala kuisogeza, maana tutaharibu hesabu. Lakini nasi tudai mawili: kijiji kielezwe kabla kamera hazijafungwa, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa lugha tunayoielewa.