Wachana na Mtandao wa Malindi, Angalia Skripti Zako

Wasee, leo naongea na madevelopa wetu. Tovuti ikisumbua kidogo tu, jibu ni lile lile: "Huko Malindi mtandao ni mbovu." Buda, kebo ya TEAMS ilifika Mombasa tangu 2009, hapo tu jirani. Bahari imefanya kazi yake. Wewe je?

Juzi nilikuwa natafuta nyumba Watamu ya kushuti video. Nikabonyeza "Weka nafasi" mara moja. Nikapata meseji mbili: nyumba ile ile, siku ile ile. Mwenyewe akataka nilipie zote, eti mashine haidanganyi. Nilibishana naye siku nzima.

Nikafungua ndani ya ukurasa kuchungulia. Skripti ya kubukia imepakiwa mara mbili: moja ukurasa ukifunguka, nyingine ukifungua kalenda. Kila nakala inasikiliza kitufe kile kile. Kidole kimoja, maombi mawili.

Brauza haitakuokoa hapo. Ukiongeza tagi ya skripti mara mbili kwa anwani moja, inaweza kutoa faili kwenye kashe bila kula bando tena, lakini itaiendesha mara mbili. Anwani zikitofautiana hata kwa "?v=2" pale mwisho, kwake hizo ni faili mbili, inashusha zote. Msee wa bando la mbao ndiye analipa.

Halafu kuna jQuery, ya tangu 2006. Plagini mbili, kila moja inakuja na jQuery yake. Ya pili inakalia ya kwanza, na plagini zilizoshikizwa kwenye ya kwanza hazipatikani tena kupitia ya pili. Mitindo pia: faili ikirudiwa, sheria zake zinakuja mwisho na kufunika marekebisho yako. Ndio unasema "jana ilikuwa poa".

Na dawa ni mistari michache tu. Weka daftari la anwani. Kabla ya kuunda tagi, angalia: ipo? Usiongeze. Iko njiani? Subiri hiyo hiyo. Wengi wanaanguka hapa: wanaandika daftarini faili ikishafika, badala ya pale wanapoiagiza. Ikifeli, ifute ijaribiwe upya. Ukitumia moduli na import(), brauza yenyewe inakumbuka: anwani moja, inaendeshwa mara moja.

Najua mtasema mteja haoni hayo. Kweli, haoni skripti. Anaona nafasi mbili na bando limeisha, kisha anaenda kwa mwingine. Mwenye nyumba naye anabaki akilaumu mtandao, kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia hivyo, na hela yako ushakula.

Mimi chuo niliacha, sina cheti cha kukutishia. Lakini fungua tovuti uliyomtengenezea mtu, hesabu skripti zake. Ukikuta moja imejirudia, njoo hapa chini kwa komenti useme. Kisha mrudishie mteja wako kazi yake ikiwa sawa, bila kumtoza tena.