Tuchore Tunavyoviona



Muhula uliopita, sisi wa darasa la uchoraji tulitakiwa kuchora picha ya “Nchi Yangu.” Mimi nimelelewa Nakivale. Tulitoka Kongo nikiwa na miaka minne, wala sikumbuki kitu ila mvua na mgongo wa mama. Basi nikachora milima yenye theluji, mto wa samawati, na simba juu ya jiwe. Wenzangu wakanisifu sana. Likizo ilipofika nikamwonyesha baba. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, “Mwanangu, hapa ni wapi?” Sikuwa na jibu. Milima ile niliitoa katika kalenda ya dukani, na simba sijapata kumwona hata siku moja.

Wako wenzangu wa Nakivale wasemao kwamba mkimbizi hana haki ya kuchora vilima vya hapa, kwa kuwa si kwetu, na mgeni ni wa kupita. Wako na wengine, wenyeji wa Mbarara, wasemao kuwa ng'ombe ni kitu cha kila siku, hafai kuwekwa ukutani. Mimi sikubaliani na hawa wala wale.

Tumtazame Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Mtu ataniambia, “Mbona yeye alikaa mjini akachora chui?” Ni kweli. Lakini chui wake haulizwi ametoka kalenda gani. Ni wa Tingatinga mwenyewe. Naye Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma uchoraji Makerere, aliposhirikiana na wenzake kufungua nyumba ya sanaa Nairobi mwaka 1965, waliiita Paa ya Paa. Jina walilipata kwa mnyama wa porini.

Na sisi je, tumepungukiwa na nini? Ng'ombe wa Ankole wana pembe ambazo watu hutoka mbali kuja kuzipiga picha. Mji wa Mbarara wenyewe umewasimamishia sanamu barabarani. Mchunga ng'ombe mmoja alinifundisha kuwa mwenye rangi nyekundu iliyokolea huitwa bihogo, na kwamba yeye humtambua kila ng'ombe wake kwa rangi na pembe hata akiwa mbali. Mtu huyu hajashika kalamu ya rangi maishani mwake, lakini jicho lake lanishinda mimi niliyesoma. Tena tunalo Ziwa Nakivale, pamoja na mafunjo na ndege zake.

Nawajibu wale wasemao hapa si kwetu. Makazi ya Nakivale yamepokea watu kwa zaidi ya miaka 60. Mdogo wangu alizaliwa hapo; hana vilima vingine. Mimi nami nisipochora niliko, na nitokako sikukumbuki, nitabaki na nini ila kalenda? Kuchora kilima si kukidai kilima. Ni kushuhudia kwamba nilikuwapo, nikakitazama vizuri.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, sisi wanafunzi turuhusiwe Jumamosi moja kila mwezi kwenda nje na karatasi zetu, tuache kuiga picha za vitabu. Pili, wanafunzi wa zamani mlio na kazi mtusaidie karatasi na rangi, na mkija siku ya wazazi mtununulie japo picha moja.

Likizo hii nilianza upya. Nilimchora ng'ombe mmoja akinywa maji. Miguu ya nyuma haikukaa sawa, na pembe moja ilitoka nje ya karatasi. Hakuna aliyenisifu. Lakini baba alipoiona alisema, “Huyu si yule apitaye hapa asubuhi kwenda ziwani?”

Naam, ndiye.