Samaki wa Ziwa Eyasi ni Wa Nani?



Mvua za masika zinapokoma na baridi ya Juni hadi Agosti kuishika Karatu, wakati wakazi wa mjini na wa miinuko ya Ngorongoro wanapojifunika mablanketi, kule chini bondeni kipupwe hakina makali. Ziwa Eyasi liko mita zipatazo 1,030 juu ya usawa wa bahari, na joto lake hupungua kidogo tu. Mwaka ambao mvua zimetosha, huo ndio msimu wa mitumbwi na nyavu katika maji yale ya chumvi. Kambale na perege huanikwa, hupakiwa na kuletwa sokoni. Sisi tulio wengi huwanunua na kuwala bila kujiuliza nani amewavua, wala kama mwakani watakuwapo. Leo tunapenda kuuliza, kwa kuwa jambo hili ni la haki na, lisipoangaliwa, litakuwa la amani pia.

Yafaa kwanza tulifahamu ziwa lenyewe. Eyasi halina mto unaotoka. Maji huingia kwa Mto Sibiti kutoka kusini-magharibi, kwa Mto Baray upande wa Mang'ola, na kwa chemchemi za kandokando. Yakishaingia, hayana njia nyingine ila kuchukuliwa na jua na upepo, na chumvi yake hubaki. Kina ni kifupi hata miaka ya neema. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zikija, ziwa hufurika. Ukame ukija, hubaki uwanda mweupe wa chumvi na magadi.

Basi samaki huponaje? Wale wanaowahi hukimbilia midomo ya mito na chemchemi, mahali ambapo maji baridi bado yanaingia. Hao wachache ndio watakaolijaza ziwa mvua zikirudi. Mkulima anaijua kanuni hii: ukila mbegu, umekula na mavuno. Tena perege wa Eyasi si wa kila mahali. Ni wa aina inayopatikana katika maziwa machache tu ya nchi yetu, kama Manyara na Kitangiri, na wataalamu wameiorodhesha miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka duniani.

Huwa tunasikia wakisema, "Ziwa litakauka tu, afadhali tuwavue wote." Neno hili lina ukweli nusu. Samaki waliobaki katika dimbwi linalokauka katikati ya uwanda watakufa kwa vyovyote vile, na anayewavua halidhulumu ziwa. Lakini samaki waliokimbilia chemchemini si wa kufa. Anayeburuta kokoro mlangoni mwa mto wakati wa kiangazi, au kutega nyavu za matundu madogo mahali hapo, anavua samaki wa miaka mingi ijayo, naye anawanyang'anya watu ambao hawajafika kumwambia neno. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza zana haribifu. Sababu yake ndiyo hii.

Hata hivyo tusiharakishe kumtupia mvuvi lawama zote. Mara nyingi yeye ni mgeni asiye na shamba, na kila jioni bei yake hupangwa na mwenye gari. Wenyeji wa ukanda huu, Wahadzabe wawindaji na Wadatoga wafugaji, kwa asili si wavuvi. Lakini maji anayoyategemea samaki ndiyo wanayoyategemea wao na mifugo yao. Na maji hayo hayaishii mikononi mwa mvuvi. Huanzia katika misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro, hupita ardhini, huibuka katika chemchemi za Mang'ola, kisha huelekezwa kwenye mashamba ya vitunguu. Vitunguu hivyo vimesomesha watoto wetu, wala hatuvidharau. Lakini mfereji na pampu vikikausha kijito kabla hakijafika ziwani, samaki wamekwisha kuvuliwa bila wavu. Vivyo hivyo shoka linaloangusha mti juu mlimani. Na wenye mapampu, wenye mashoka na wenye magari ya samaki, wengi ni sisi tunaoketi pamoja katika mabenchi ya kanisa.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imeweka utaratibu: kwanza mahitaji ya binadamu, pili mazingira, ndipo matumizi mengine. Kwa hiyo kuliachia ziwa sehemu ya maji si hisani ya mkulima; ni deni. Mafundisho ya jamii ya Kanisa nayo yanatukumbusha kwamba mali ya dunia iliumbwa kwa ajili ya wote, hata wale ambao bado hawajazaliwa.

Tunaziomba jumuiya ndogondogo, hasa za Mang'ola na vijiji vya ziwani, zizungumzie mambo matatu. Kwanza, serikali za vijiji, wavuvi, wafugaji na wakulima wakae pamoja kutaja kwa majina chemchemi na midomo ya mito ambako hakuna atakayevua wakati wa kiangazi. Pili, wenye mashamba wakubaliane zamu za kumwagilia, ili kijito kifike ziwani. Tatu, wanunuzi wakatae samaki wachanga. Mahali wasipopata soko, hawatavuliwa. Na katika vikao hivyo Wahadzabe, walio wachache, wapewe kiti na nafasi ya kusema, wala wasiitwe tu mwishoni kusikiliza yaliyokwisha kuamuliwa.

Ziwa litakauka tena, kwa kuwa ndiyo desturi yake. Kinachotegemea uamuzi wetu ni kama litakapojaa litakuwa na samaki.