AJALI INA KINGA: KIPIMO KISICHOPIMWA NI MUUAJI

Ndugu wafanya kazi,

Kuna methali ambayo wakubwa wa kazi waipenda kuliko zote: ajali haina kinga. Mwenzetu akipigwa na stima methali hiyo husemwa kaburini, watu huinamisha vichwa, na jambo limekwisha. Mimi nasema methali hiyo si ya fundi wa stima. Stima haina bahati wala hasira. Yafuata kanuni zake leo kama jana. Stima ikimwua mtu kazini, pana kitu kilichoharibika kabla ya yeye kukishika, na mara nyingi pana mtu aliyelipwa akiangalie naye hakukiangalia.

Leo nataka tuseme habari ya vipimo: testa, mita, na ile mashine ya kupimia ganda la waya ambayo sote twaiita mega.

Wako wenzetu wasemao, "Chama kishughulike na mishahara. Mambo ya mita ni ya wakubwa." Ndugu, hili ni jambo la mshahara hasa. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 yasema mtu akilemazwa kabisa, asiweze kazi tena, alipwe mshahara wa miezi 96. Hesabuni wenyewe. Miezi 96 ni miaka 8. Mtu wa miaka 32 ambaye angefanya kazi hadi miaka 60 alikuwa amebakiza miaka 28. Ile miaka 20 mingine nani atamlipa? Imeliwa na mita mbovu.

Sasa nendeni Kawangware sokoni, mkatazame mizani ya mwenye bucha. Mizani hiyo yatakiwa na sheria ikaguliwe na watu wa Serikali wa Mizani na Vipimo, itiwe mhuri. Akipatikana na mizani ya uongo hushtakiwa. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka jinsi Mithali za Sulemani zinavyochukia mizani ya hila. Vema. Basi nusu kilo ya matumbo ina mlinzi wake. Je, ile mita anayoitegemea fundi kabla ya kuingiza mkono katika sanduku la volti 415 ina mlinzi gani? Mahali pengi haina. Iko stoo, chini ya makoti ya mvua, na waya zake zimefungwa kwa utepe.

Watu hudhani mita mbovu ni ile isiyowaka. Hiyo si hatari sana, maana kila mtu ataitupa. Ya hatari ni ile iwakayo vizuri na kusema uongo. Mega ya kupimia waya za nyumba na karakana yatakiwa kutoa volti 500 za kusukuma. Ikizeeka isipoangaliwa, yaweza kutoa 200 tu, na kioo chake kisionyeshe lolote. Hapo waya dhaifu utaonekana mzima. Ni kama mpira wa baiskeli wenye tundu dogo: ukitiwa pumzi kidogo hauonyeshi kitu, mpaka ujazwe sawasawa ndipo usikie unalia. Fundi huandika katika karatasi "mzuri", hurudisha stima, na kesho mtu mwingine hushika mashine ya kuchomea vyuma akiamini ile karatasi.

Swichi ya usalama ya miliampia 30 ni hivyo hivyo. Kile kitufe chake cha kujaribia chaonyesha tu kwamba swichi yaweza kuruka. Hakisemi imeruka kwa muda gani, wala hakisemi waya wa ardhi uko mzima. Kujua muda ni kazi ya kipimo, na kipimo kikikosea muda, swichi iliyochelewa husifiwa kuwa hodari. Nayo si hesabu ya mchezo. Mtu aliyelowa maji mwili wake waweza kuwa na ukinzani wa omu 1000 hivi. Gawanya volti 240 kwa omu 1000, utapata miliampia 240. Hiyo ni mara 8 ya ile 30. Moyo haungojei.

Na ile testa ndogo ya bisibisi, yenye taa ndani, ambayo kila kijana wa Kibera anayo mfukoni? Taa yake huwaka kwa stima kidogo ipitayo mwilini mwako kwenda chini. Ukiwa juu ya ngazi kavu ya mti yaweza isiwake, na waya una moto. Ukiwa juani yaweza kuwaka usiione. Mtu asiseme waya umekufa kwa sababu testa ile imenyamaza. Kunyamaza si kufa.

Kwa hiyo iko kanuni moja ambayo ni ya bure, haitaki barua ya mkubwa yeyote. Kabla ya kushika waya, jaribu kipimo chako mahali unapojua kwa hakika pana moto. Halafu pima ule waya wa kazi. Halafu rudi tena pale penye moto ukajaribu kipimo mara ya pili. Kikiwa hai mwanzo na mwisho, hapo neno lake laaminika. Ukiruka hatua ya tatu hujui kama kilikufa katikati.

Lakini kanuni hiyo haitoshi, maana yaonyesha tu kwamba kipimo ki hai, haionyeshi kwamba kinasema kweli. Ukweli hupatikana kwa kukilinganisha na kipimo kingine kinachojulikana kuwa sahihi, nacho kimelinganishwa na kingine bora zaidi, hadi kufikia vipimo vya asili vya taifa. Hapa kwetu vipimo hivyo vimewekwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ambalo liko South C. Wala si mbali. Ziko pia maabara nyingine zilizopewa kibali na KENAS. Desturi ya kazi ni kupeleka mita mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi ikiwa imeanguka au imelowa. Ikirudi huja na cheti chenye nambari ya mita hiyo, kikisema imekosea kiasi gani.

Hapo ndipo penye hila. Mahali fulani nilipofanya kibarua zamani, jina sitalitaja, niliona mita zikibandikwa vikaratasi vipya vya tarehe mwanzo wa mwaka, nazo hazikutoka stoo hata siku moja. Karani alikuwa na kalamu na gundi, basi. Nilipouliza cheti kiko wapi niliambiwa mimi ni fundi au ni hakimu? Ndugu, kikaratasi si cheti. Kikaratasi bila cheti ni mhuri wa bandia, na huyu akibandikaye ni sawa na mwenye bucha atiaye risasi chini ya mizani. Tofauti ni kwamba mwenye bucha huiba nyama.

Tena wakubwa husema ni gharama. Gari la msimamizi hupelekwa sirvisi bila mtu kuuliza ni gharama, wala hatusemi lisipelekwe. Twasema mita nayo ipelekwe.

Sasa na sisi wenyewe tuambiane. Wako wanaochukua mita ya kazi Jumamosi kwenda kuunga nyumba Kibera na Kawangware, huko penye waya wazi juu ya mabati na matope chini. Mtu hubadili fyuzi ya ndani kwa karatasi ya fedha ya sigara, na Jumatatu huirudisha kimya. Huyo amempelekea mwenzake bomu. Fyuzi ile yalinda mkono na uso wakati mita inapowekwa vibaya. Karatasi ya sigara hailindi. Na huko Kibera mvua ikinyesha waya mmoja uliochubuka hutia moto ukuta mzima wa mabati, na watoto huushika. Nyumba ya maskini yastahili kipimo cha kweli kama karakana.

Kwa hiyo nauliza matawi yote yadai haya:

1. Kila kipimo cha stima kiwe na nambari na daftari, na cheti chake kiwekwe mahali ambapo mfanya kazi yeyote aweza kukisoma.

2. Kipimo kilichopita tarehe, kilichoanguka, au chenye waya zilizopasuka kiondolewe kazini siku hiyo hiyo, na kingine kiwepo, kazi isiwe kisingizio.

3. Mfanya kazi asilazimishwe kununua mita kwa mshahara wake.

4. Jambo hili liingie katika kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati mahali penye watu 20 au zaidi, na wajumbe wa wafanya kazi ni sawa kwa hesabu na wa wakubwa. Viti hivyo ni vyetu. Tusipeleke watu wa kunywa chai.

Na mwenye kuambiwa afungue sanduku bila kipimo cha kuaminika, ajue sheria hiyo hiyo yamtaka atoe habari kwa msimamizi palipo na hatari kubwa, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Atoe habari kwa maandishi, mbele ya shahidi, na nakala ailete chamani. Mtu mmoja akikataa huitwa mkaidi. Sote tukikataa, mita zitapelekwa South C kesho asubuhi.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu,
Fundi wa Reli, Kibera