Ganzi au Nusukaputi? Tupige Hesabu Yote

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mjomba wangu hugonga masanduku ya bati pale Kariobangi Light Industries. Alipopata ngiri ya kinena aliificha mwaka mzima. Tulipomsihi aende hospitali alifoka, "We kijana, hiyo nusukaputi nitailipa na nini? Na nikilazwa, hawa watoto watakula mawe?" Jina lenyewe lilimtisha, maana mtaani kwetu wengi husema ni kufa nusu.

Mwishowe maumivu yalimshinda, akaenda. Kumbe kulikuwa na njia nyingine: kudungwa dawa ya ganzi hapo kinenani tu! Alipasuliwa asubuhi akiwa macho, akipiga soga na muuguzi. Jioni alikuwa kwake Dandora akinywa chai.

Maoni yangu ni haya: tusitazame bei ya dawa peke yake. Nusukaputi huhitaji mashine, oksijeni, mtaalamu wa kumlinda mgonjwa na kitanda cha kuzindukia. Kisha kwa saa 24 mgonjwa haruhusiwi kuendesha gari wala mashine. Ganzi ya uti wa mgongo iko katikati: mgonjwa yu macho, lakini haondoki mpaka miguu ipate nguvu tena. Ganzi ya mahali pamoja, kama lignokeini iliyobuniwa Uswidi mwaka 1943, huhitaji vifaa vichache na daktari aliyeizoea.

Je, basi nusukaputi itupwe? La hasha! Mtoto mdogo hatatulia mbele ya kisu, na upasuaji mkubwa wa tumbo hautoshwi na ganzi ya ngozi. Tena lignokeini ikizidi kipimo huleta degedege na kuvuruga moyo. Rahisi yaweza kuwa ghali.

Wala ganzi haiharakishi kidonda kupona. Mjomba alikatazwa kuinua vitu vizito kwa majuma kadhaa, na hapo ndipo mfuko ulipomuuma hasa. Gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote, lakini ni pesa.

Kwa hivyo, mwenzangu wa Umoja, Kayole au Buruburu, ukimpeleka mzazi kupasuliwa usione haya. Uliza: "Daktari, kuna njia ngapi? Ipi inamfaa huyu? Atarudi kazini lini?" Kuuliza si ujinga. Mjomba alilipa mwaka mzima wa maumivu kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.